Wewe Studioni, Wenzio Jikoni: Mwongozo kwa Binti wa Busiu

Dada, umemaliza shule. Cheti kimo kwenye nailoni chini ya godoro, na kazi hakuna. Hapo Busiu, kando ya barabara itokayo Tororo kwenda Mbale, njia za msichana zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: kuuza nyanya, kusuka nywele, kukaa kwenye kibanda cha shemeji cha kutuma pesa za simu, au kuolewa. Kidole cha tano ndicho mwongozo huu. Utapanda teksi uende Mbale, utaingia studioni jioni, na mbele ya kipaza sauti utawaambia wanawake wenzio kwamba mahali pao ni nyumbani. Kazi hii haihitaji mtaji, wala haiozi kama nyanya.

Usicheke. Ina historia ndefu na watu wameila vizuri. Bibi yetu katika fani hii ni Mmarekani, Phyllis Schlafly, mama wa watoto sita kutoka Illinois. Mwaka 1972 alianzisha vita dhidi ya marekebisho ya katiba yaliyotaka haki sawa kwa wanawake na wanaume. Kwa miaka kumi alizunguka nchi, hoteli hadi hoteli, akiwaeleza wanawake raha ya kukaa nyumbani. Katikati ya safari hizo akapata nafasi ya kusomea sheria, akahitimu mwaka 1978. Alikuwa amekwisha kugombea ubunge mara mbili, 1952 na 1970, akashindwa. Aliandika vitabu, alikuwa na safu magazetini na maoni redioni. Mwaka 1982 muda ukaisha, majimbo ya kuridhia marekebisho yakawa hayajatosha, yeye akawa ameshinda. Alipenda kufungua hotuba zake kwa kumshukuru mumewe, Fred, kwa kumruhusu atoke, akijua vyema jinsi shukrani hiyo inavyowachoma wapinzani wake. Ikariri. Kama huna mume, mshukuru baba. Kama baba hayupo, mshukuru mjomba. Mradi kuna mwanamume aliyekuruhusu.

Wamarekani walikuwa na kanuni iliyovitaka vituo vya utangazaji vipe nafasi pande zote za mjadala. Waliifuta mwaka 1987. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima, na biashara ya kufoka redioni ikafunguka. Laura Ingraham akaingia na kipindi chake mwaka 2001. Sisi hatukujisumbua kufuta chochote. Sheria yetu ya utangazaji ya mwaka 1996 ilitaka wagombea wapewe nafasi sawa, nayo ilitulia kitabuni, haikumgombeza mtu.

Amua kwanza unahifadhi nini

Mhafidhina anahifadhi kitu, kwa hiyo ujue bidhaa yako kabla hujafungua duka. Marekani wanahifadhi kodi ndogo na bunduki. Hapa hakuna atakayekupigia simu kutetea kodi ndogo kwa sababu ya falsafa. Atapiga kwa sababu wamemkamatia boda yake. (Wala usije ukajiita Conservative ukadhaniwa ni wa chama cha Ken Lukyamuzi. Wale walitaka federo, yaani utawala wa majimbo, na ukitamka federo hapa Bugisu simu zitakazoingia si za pongezi.) Kwetu kuna mila, kuna dini, na kuna Chama tawala. Mwenye akili huuza zote tatu kwa mafungu, kama malewa sokoni.

Mila ndiyo rahisi kuanzia, hasa mahari. Kwa jirani zetu wa Tororo ndiko lilikotoka shirika la MIFUMI, ambalo mwaka 2001 liliwapigisha watu kura kuhusu mahari, kisha mwaka 2007 likapeleka kesi Mahakama ya Katiba. Mwaka 2010 likashindwa, likakata rufaa. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mahari yenyewe haina kosa, ila kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, kwa sababu kunamfanya mwanamke aonekane mali ya mkopo na kunamfunga kwa mume asiyemtaka. Hukumu hii ni shamba lenye rutuba ajabu. Yuko mzee hapo Busiu ambaye hadi leo hajaelewa kwa nini ng'ombe aliyekwenda kwa miguu yake asirudi kwa miguu hiyohiyo. Fungua mada kwa sauti ya huzuni: "Wazee wangu, hivi mahakama za Kampala zinatutakia nini?" Simu zitajaa kabla hujameza mate. Lakini usiisome hukumu. Ukiisoma utagundua kwamba majaji waliiacha mahari palepale ilipokuwa, na kipindi cha saa mbili kitakufia mkononi baada ya dakika tano.

Imbalu, tohara ya vijana wetu wa kiume, haina shida. Kila mwaka wa shufwa, ngoma zinapoanza uwanjani Mutoto mwezi Agosti, wewe sifu ushujaa wa vijana na uwabeze wanaokimbia. Ni mila ambayo kisu chake hakikuhusu, na hakuna kitu kitamu kutetea kama maumivu ya mwenzako. Ila maneno yako yakipanda mlima hadi Kapchorwa, shika breki. Ukeketaji wa wasichana wa Kisabiny ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 2010, na wazee wengine wa hukohuko walikuwa wameanza kuupinga miaka mingi kabla. Msikilizaji mjanja atakuuliza: wewe unayesema mila zote ni urithi, hii nayo? Jibu la fani ni moja tu: "Tunakwenda kwenye matangazo, tutarudi."

Ukipata kazi Jinja badala ya Mbale, mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa Busoga ina ikulu ya kuzungumzia. Tarehe 18 Novemba 2023 Kyabazinga, yaani mfalme wao, William Gabula Nadiope alimwoa Jovia Mutesi katika Kanisa Kuu la Bugembe, na barabara za Jinja zikajaa watu kama maji ya Nile. Mtangazaji mwenye jicho angeweza kuila harusi ile kwa miezi sita: heshima ya mke, mavazi ya mke, magoti ya mke. Kwamba bibi harusi ni msomi, hilo lipite haraka.

Kuhusu dini, Mbale ni mtego. Kuna Waanglikana na Wakatoliki, kuna walokole na spika zao, kuna Waislamu na Chuo Kikuu chao cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, na kule mlimani Nabugoye kuna Abayudaya, Wayahudi wetu, wanaoshika Sabato tangu siku za mwanzilishi wao, Semei Kakungulu. Kwa hiyo usitaje kitabu. Sema "Maandiko". Kila mmoja atafikiri unasoma chake.

Na liko somo moja linalowakutanisha wote hawa bila ugomvi: adui anayetoka nje na pesa zake. Mwalimu wako hapa awe Rebecca Kadaga wa Kamuli, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu. Oktoba 2012, katika mkutano wa wabunge wa dunia huko Quebec, alijibizana na John Baird, waziri wa mambo ya nje wa Kanada, kuhusu mashoga. Aliporudi Entebbe alipokelewa na umati kama mshindi wa marathoni. Mwezi uliofuata akawaahidi watu kwamba muswada wa kupinga ushoga utapita uwe zawadi ya Krismasi. Krismasi hiyo ikapita mikono mitupu. Zawadi ilifika mwaka uliofuata, tarehe 20 Desemba 2013. Rais akaitia saini Februari 2014. Na tarehe 1 Agosti Mahakama ya Katiba ikaifuta kwa sababu akidi ya wabunge haikuwa imetimia siku ya kura, na Spika alikuwa ameambiwa palepale ukumbini. Zingatia hapo, mwanangu, maana ndipo ulipo uti wa mgongo wa fani: sheria ilianguka, jina la aliyeiahidi likabaki limesimama. Watu hawaangalii kama kazi imefanyika. Wanaangalia nani alimjibu Mzungu.

Baadaye Anita Among wa Bukedea, akiwa Spika, akasimamia kura ya muswada mpya tarehe 21 Machi 2023, safari hii ukumbi ukiwa umejaa pomoni. Sheria iliyotokana na kura ile inatoa kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayesemekana kukuza ushoga. Kwako wewe ni nafuu kubwa. Mjadala wako umepewa upande mmoja na sheria yenyewe, huna haja ya kuhangaika kumtafuta mgeni wa upande wa pili, na ukimtafuta hujui kati yenu nani atampelekea mwenzake chakula gerezani.

Hebu nitoke pembeni kidogo. Specioza Kazibwe wa Iganga alikuwa makamu wa rais kuanzia 1994 hadi 2003. Jessica Alupo wa Katakwi aliapishwa kuwa makamu wa rais mwaka 2021. Weka hapo Kadaga na Among. Yaani Mashariki yetu hii imetoa wanawake wawili makamu wa rais na wanawake wawili maspika. Wamekaa viti vya kila aina isipokuwa kile cha jikoni ambacho wewe utalipwa kuwatafutia wenzako. Sijasema uache kazi. Nimesema usilitaje hewani.

Kuingia mlangoni

Vituo vipo. Mbale kuna Step FM na Open Gate, Jinja kuna Kiira na NBS, na kila ukipandisha simu yako juu unakuta masafa mengine yamezaliwa. Haikuwa hivi. Kabla ya Sanyu na Capital kuanza mwaka 1993, ukifungua redio ulimkuta Radio Uganda, na ukibadilisha ulimkuta tena Radio Uganda. Mwaka 2000 Radio One ikaanzisha Ekimeeza pale Club Obbligato, Kampala: watu wakikaa mezani na bia zao, wakipokezana kipaza sauti, wakiisema serikali hewani moja kwa moja. CBS, redio ya Buganda, nao wakaanzisha chao, Mambo Bado. Wanawake katika meza zile walikuwa wachache. Mahali penyewe ni baa, na mwanamke mwenye maoni ndani ya baa hupewa jina kabla hajapewa zamu. Septemba 2009, baada ya ghasia zilizotokana na safari ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ya kwenda Kayunga, serikali ikaizima CBS kwa zaidi ya mwaka mmoja na kuzipiga meza zote marufuku. Mambo Bado yakawa mambo basi. Tangu hapo siasa inazungumzwa ndani ya chumba kidogo chenye godoro ukutani la kuzuia mwangwi, na kitufe cha kukata simu anacho mtu mmoja.

Lengo lako ni kufika kwenye kitufe hicho, lakini hutaanza nacho. Utaanza na matangazo ya vifo. Wenzako wanaume watakupa kazi hiyo kwa sababu wanaiona ndogo, na hapo ndipo wamekosea. Hakuna sauti inayosikilizwa kwa utulivu Bugisu nzima kama ile inayosema fulani wa Bungokho amefariki, mazishi kesho saa nane, wafahamishwe wafuatao. Soma majina polepole. Usikosee ukoo. Sauti iliyomtangaza shangazi yake mtu haisahauliki, na siku utakapogombea kitu chochote watu watakumbuka tu kwamba wanakufahamu, bila kukumbuka ni kwa msiba gani.

Kutoka kwenye vifo utapandishwa hadi salamu, kutoka salamu hadi dawa za kienyeji, na siku moja mtangazaji wa kipindi cha siasa atalewa asifike, nawe utaambiwa ukae. Mezani utakuta wanaume watatu: mmoja wa Chama, mmoja wa upinzani aliyechaguliwa kwa sababu hana kelele, na "mchambuzi", yaani mtu aliyewahi kugombea uenyekiti wa wilaya akashindwa. Watakuita "binti yetu" na watakuomba ufungue kwa sala. Fungua. Halafu sema lile neno ambalo wao wanalitamani lakini wakilisema wataitwa washamba: kwamba wanawake wa siku hizi wamezidi. Likitoka mdomoni mwao ni chuki. Likitoka mdomoni mwako linaitwa ukweli, tena watalinukuu wiki nzima: "Hata mwanamke mwenyewe amesema." Hiyo ndiyo bidhaa yako, na hakuna mwanamume atakayekunyang'anya, kwa kuwa hawezi kuitengeneza. Nina wanaume wengi ninaowajua ambao wangelipa fedha nzuri kuwa na ruhusa hiyo kwa jioni moja.

Mavazi nayo ni hoja, ingawa redio haionyeshi sura. Wasikilizaji watakuja kukutazama, na picha zitazunguka. Iko kumbukumbu ya mwaka 2014, sheria ya kupinga ponografia ilipotiwa saini na wahuni mijini wakajipa kazi ya kuwavua nguo wanawake waliovaa sketi fupi. Na mwaka 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ikawapimia wafanyakazi wa serikali urefu wa sketi na mikono ya blauzi. Kwa hiyo vaa gomesi. Vaa gomesi hadi kwenye picha ya WhatsApp. Ni vazi la mila yetu tukufu, lililoshonwa mwaka 1905 hivi na fundi Mgoa aitwaye Gomes kwa ajili ya wasichana wa shule ya wamisionari Gayaza. Habari hii nayo ni ya kubaki nayo mwenyewe.

Saa ya RDC

Fahamu kwamba kila wilaya ina RDC, jicho la rais, na vituo vinatakiwa vimpe muda wa bure hewani aeleze programu za serikali. Bosi wako ataung'ata ulimi kwa sababu saa hiyo angeiuza. Wewe ifurahie. Ukiwa unayemkaribisha RDC kila wiki, utajulikana ofisini kwake, kisha kwa walinzi wake, kisha kwa wale wanaomtembelea usiku. Swali la kwanza unalomuuliza ni "Mheshimiwa, umeamkaje?" La pili ni "Serikali imetufanyia mengi, uanze na lipi?" Ataanza na PDM, mpango wa maendeleo ya parishi, uliozinduliwa huku kwetu Mashariki, Kibuku, Februari 2022, na ile ahadi ya shilingi milioni 100 kwa kila parishi. Mwanamke akipiga simu kuuliza kwa nini jina lake halimo kwenye orodha ya parishi yake, mwambie aende kwa mwenyekiti wa LC. Akisema mwenyekiti ndiye aliyemtoa, mtandao huwa mbaya sana saa kama hizo.

Ujue pia mwisho wa kamba. Mwaka 2019, karibu na siku ya Mei Mosi, Tume ya Mawasiliano iliviamuru vituo 13 viwasimamishe kazi waandaaji na wakuu wao wa habari na vipindi, kwa jinsi walivyotangaza habari za mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine. Hao walikuwa na shahada na kamera. Wewe una gomesi.

Malipo yasikushtue. Mshahara wa mtangazaji wa mjini kwetu unatosha kununua salio la kumpigia mwajiri kumuuliza mshahara. Fedha ziko pembeni: ya soda kutoka kwa mgeni, nauli kutoka kwa mgombea, kitambaa kutoka kwa mganga wa mitishamba anayetaka utaje dawa yake katikati ya mjadala wa katiba. Msimu wa uchaguzi ndio mavuno. Kuna wanaopanda ngazi hadi juu kabisa: mwaka 2019 mwanamuziki Catherine Kusasira, aliyekuwa ameisimamia serikali kwa sauti yake, aliteuliwa kuwa mshauri wa rais kuhusu mambo ya Kampala. Na hata usipoteuliwa, kuna kile kiti. Tangu 1989 kila wilaya humpeleka bungeni mwakilishi wake mwanamke, na Bunge lililochaguliwa mwaka 2021 lilikuwa na viti 146 vya namna hiyo. Viti vile viliwekwa kwa hoja kwamba mwanamke amekaa nyumbani vya kutosha. Wewe utakifikia kwa hoja kwamba bado.

Kuhusu kuandika mtandaoni

Redio hupotea hewani. Ukitaka jina lidumu, andika. Hapa nitakwenda mbio kwa sababu ukurasa wa mtandao ni redio isiyo na matangazo ya vifo, na maneno ni yaleyale. Ila mazingira yake ya kazi yana ladha ya kipekee.

Mwaka 2018 rais aliandika kulalamikia lugambo, yaani umbea, wa mitandaoni, na kuanzia Julai tukaanza kulipa shilingi 200 kwa siku ili tuingie WhatsApp na Facebook. Watu wakajifunza VPN, hata bibi aliyekuwa hajui kutuma ujumbe. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja nyingine ya asilimia 12 kwenye bando. Katikati ya hayo, Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifuta akaunti kadhaa zilizokuwa zikiisifu serikali, ikisema zilihusiana na kitengo kimoja cha Wizara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Serikali ikakasirika, ikaifunga Facebook nchi nzima. Matokeo yake ni kwamba mwandishi mtiifu anayetaka kuisifu serikali Facebook anapaswa kwanza kuwasha VPN na kujifanya yuko Uholanzi. Utazoea. Uzalendo wa kupitia Amsterdam nao ni uzalendo.

Usimwige Dk. Stella Nyanzi, aliyekuwa mtafiti wa Makerere. Huyu aliuliza ahadi ya serikali ya kuwapa wasichana wa shule sodo imeishia wapi, akachangisha azinunue mwenyewe, na akamfananisha rais na sehemu ya mwili inayokaliwa. Alikamatwa Aprili 2017. Agosti 2019 akahukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa shairi alilolibandika Facebook, hadi Mahakama Kuu ilipoitengua hukumu hiyo Februari 2020. Baadhi ya vifungu vya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta vimekwisha kufutwa na mahakama, vingine vikaongezwa mwaka 2022, kwa hiyo ukubwa wa kosa unabadilika lakini upande wake haubadiliki. Ukimtusi mwanamke aliyeachika, ni maoni. Ukiuliza sodo, ni jinai. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Liko pia jambo ambalo hutaambiwa na yeyote studioni: kwamba redio yaweza kufanywa namna nyingine. Chama cha wanahabari wanawake wa nchi hii kilianzishwa mwaka 1983, na tangu 2001 kina kituo chake Kampala, Mama FM, ambako mwanamke huulizwa anajua nini kuhusu bajeti ya zahanati kabla ya kuulizwa kama ameolewa. Nakutajia tu ili ukipewa nafasi ya kukibeza ujue unakibeza nini.

Simu

Simu ndizo kipindi. Zipange moyoni mwako kwa aina. Yuko anayepiga kukusifu sauti, mwache aongee. Yuko mlevi, mwache kidogo, watu wanamsubiri. Yuko anayeuliza "Wewe mwenyewe umeolewa?", na huyu atapiga kila siku. Ukijibu ndiyo, atauliza mumeo anakula saa ngapi. Ukijibu hapana, atasema ndiyo maana. Jibu sahihi ni Fred: "Namshukuru baba aliyeniruhusu kuja kuwahudumia." Kimya kitatanda, kisha atakuomba wimbo.

Mgumu ni mwanamke anayepiga saa tatu na nusu kwa sauti ya chini, akisema mumewe humpiga, na wewe jana ulisema mke mwema havunji nyumba, sasa afanyeje? Usijaribu kumwambia kuna Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010. Mezani watakutazama. Usimkumbushe kwamba mwaka 2002 Specioza Kazibwe, akiwa bado makamu wa rais wa nchi nzima, alisema hadharani kwamba mumewe alimpiga. Hoja nzima ya kipindi chako inasema nyumba ni ngome, na ngome ambayo haikumlinda makamu wa rais itakuwa vigumu kumuuzia mke wa mwenye boda wa Nakaloke. Mwambie aombe. Ukishindwa kulala usiku huo, si kosa la mwongozo. Umepewa maelekezo ya kazi, hukupewa ya usingizi.

Kipindi kikiisha saa nne usiku, teksi ya mwisho ya Busiu itakuwa imeondoka. Kodi boda, vaa kofia yake ya chuma ingawa inanuka, ushushe kioo. Wale wazee waliokupigia makofi wakati ukisema mwanamke wa heshima haonekani barabarani baada ya magharibi wanakaa palepale penye njia panda wakila chapati na mayai, na wana macho.

Ukiwa umeshapata watoto, nyumbani watakuwa wameshalala. Aliyewapikia ni yule msichana uliyemtoa Manafwa ukamwahidi elfu hamsini kwa mwezi na kumrudisha shule mwakani. Mtendee vyema, lakini zaidi ya yote mfichie namba ya studio, kwa sababu naye ana redio pale jikoni, na hana kingine cha kusikiliza ila wewe. Ikitokea siku moja, katikati ya mada ya wajibu wa mama, ukapokea simu ukasikia sauti unayoifahamu ikisema, "Hodi studioni, Mama, mimi niko jikoni kwako, naulizia ile miezi mitatu," usibishane naye hewani. Mshukuru kwa mchango wake, mwambie laini inakatika, umwambie fundi mitambo aweke kwaya.